Kuzima Kusikozima

Kwetu sisi wanaisimu, kuzima moto ni jambo moja na kuufukia jivuni ni jambo jingine. Mpishi afukiaye kaa usiku hukusudia kuokoa kiberiti alfajiri. Windows nayo, tangu toleo la 8 la mwaka wa 2012, kwa kawaida hufanya vivyo hivyo: ukiizima, programu zako hufungwa kweli, lakini kiini cha mfumo huhifadhiwa diskini jinsi kilivyo. Ndiyo sababu tarakilishi huamka upesi. Ajabu ni kwamba ukiiagiza ijiwashe upya, hapo ndipo kila kitu huanza mwanzo.

Makarani na wenye vibanda vya saiba hapa Kakamega huzima mashine kila jioni, wakiamini wametimiza wajibu. Kumbe baadhi ya marekebisho ya usalama husubiri kuwashwa huko upya, wiki baada ya wiki.

Kasi yenyewe siilaumu, hasa kwa wenye diski kuukuu. Linaloniudhi ni fundi aiondoaye Secure Boot, kinga ikaguayo sahihi za programu kabla mfumo haujaanza, ili apachike nakala ya wizi. Naam, kinga hiyo si kamilifu. Mwaka wa 2023 watafiti walithibitisha kwamba programu haribifu ya BlackLotus iliweza kuipita. Je, hiyo ni sababu ya kuiondoa?

Afisi za umma na shule ziwaagize wahudumu wawashe mashine upya walau mara moja kwa wiki, na fundi atakayeigusa kinga hiyo aeleze sababu yake kwa maandishi.