Hati ya Mshahara Isomeke

Tarehe 21 Machi, 1916, Kahe, katika tambarare iliyo chini ya Mlima Kilimanjaro, ilikuwa uwanja wa mapigano baina ya majeshi ya Uingereza na Ujerumani. Wengi wa waliopigana upande wa Wajerumani walikuwa askari wa Kiafrika. Vita vilipokwisha mwaka 1918, askari hao walikuwa wakidai mishahara yao. Mwaka 1964 Ujerumani Magharibi iliamua kuwalipa waliokuwa bado hai. Inasimuliwa kwamba wazee wapatao 350 walikusanyika Mwanza, na wachache tu walikuwa na vyeti. Waliobaki walipewa ufagio na kuamriwa kwa Kijerumani, ili gwaride lao liwe ndio ushahidi.

Kisa hicho si cha kuchekesha. Askari alitoa jasho na damu, lakini hesabu ya haki yake ilibaki katika daftari la mtawala.

Mwaka huo huo, tarehe 20 Januari, askari wa Tanganyika Rifles waliasi katika kambi ya Colito, Dar es Salaam. Mshahara ulikuwa mojawapo ya madai yao. Jeshi la Wananchi lilizaliwa tarehe 1 Septemba, 1964. Jeshi la wananchi halina budi kumweleza mwanajeshi malipo yake kwa lugha ya wananchi.

Watumishi wa raia nao wanaijua adha hiyo. Mwalimu mwenye mshahara wa shilingi 800,000 hukatwa asilimia 5, yaani shilingi 40,000, kwa ajili ya mfuko wa pensheni wa PSSSF. Mwajiri naye huchangia asilimia 15, yaani shilingi 120,000. Asiyeelewa hati yake huliona kato tu, wala hajui kwamba mchango wa mwajiri nao ni haki yake ya kufuatilia.

Basi hati ya mshahara, ya askari na ya raia, iandikwe kwa Kiswahili, bila vifupisho vya mafumbo. Ioneshe kwanza mshahara, kisha posho, kisha kila kato na sababu yake, na deni lililobaki. Mwisho itaje ofisi ya kupokea malalamiko. Mhasibu asimwone anayeuliza kuwa mkorofi, kwani kuuliza ni haki.

Mali bila daftari huisha bila habari. Daftari lisilosomeka halina tofauti na daftari lisilokuwapo.