Saketi ya maabara haiwezi kukesha Ifakara

Mnisamehe kwa kimya, tulikuwa kwenye kuwasilisha miradi. Leo nina jambo limenikaa kooni, nisipolisema nitaugua.

Jambo lenyewe ni hili: hapa chuo tunafundishwa kukokotoa saketi, ila kuchagua vifaa kila mtu anajijua. Matokeo yake tunachagua kwa droo. Mtu anafungua droo ya maabara, anakuta 7805, anaweka 7805. Anakuta kapasita, anaweka. Ikiwaka dakika kumi mbele ya jopo, makofi, alama, tunaenda kula chipsi. Najihesabu wa kwanza, maana nimefanya hivyo hivyo na nimeumbuka.

Nilitengeneza mtego wa mbu. Kwetu Ifakara mitego si kitu kigeni. Watafiti wa Taasisi ya Afya Ifakara wametumia kwa miaka mingi mtego wa taa uliobuniwa Marekani mwaka 1962, wenye taa ndogo na feni ya kunyonya mbu, unaendeshwa kwa betri ya volti 6 na kutundikwa karibu na chandarua. Mwaka 2015 wao na wenzao wa Chuo Kikuu cha Glasgow walichapisha kazi ya mtego wa nyaya za umeme unaomnasa mbu kabla hajauma. Mimi nikasema na mimi nijaribu: feni ya volti 5, taa, betri ya volti 12 yenye ampea-saa 7, isiyo mpya. Jumla vinakula nusu ampea. Katikati nikaweka 7805 na kibati cha kupoozea. Maabara ikafanya kazi vizuri sana.

Likizo nikaupeleka nyumbani, nikautundika kwa shangazi. Asubuhi ananiambia: "Mwanangu, hiki kidude chako kimelala kabla yangu. Saa nane nimeamka, kimya."

Hesabu ambayo ningetakiwa kuifanya kabla ni ya kidato cha nne. 7805 inashusha volti kwa kuzigeuza joto. 12 toa 5 ni 7, mara nusu ampea, ni wati 3.5 za moto ndani ya boksi nililolifunga vizuri ili mvua isiingie. Feni na taa vinapata wati 2.5 tu. Yaani napasha boksi joto kuliko ninavyokamata mbu! Na betri inatoa nusu ampea ile ile, kwa hiyo kutoka saa 12 jioni hadi saa 12 asubuhi nahitaji ampea-saa 6 kati ya 7 kwenye betri ya risasi, ambayo ukiizoesha kuikausha hivyo inakufa mapema. Ningeweka kigeuza volti cha kuwasha na kuzima, vile vibodi vidogo vinavyouzwa tayari, usiku mzima ungekula kama ampea-saa 3.

Sasa mtu atasema, mtego umezimika, si unachaji tena, kelele za nini? Hapo ndipo hasira yangu ilipo. Katika bonde la Kilombero mbu anayeongoza kueneza malaria ni Anopheles funestus, na huyu anauma sana usiku wa manane kuelekea alfajiri. Feni ikisimama saa nane, wa alfajiri hawaingii, na walionaswa wanatafuta njia ya kutoka. Asubuhi unahesabu mfukoni, unaandika "mbu wachache". Umeandika uongo. Sio kwa nia mbaya, ni kwa sababu ya kifaa cha droo. Na mtu akiamini namba hiyo akasema nyumba hii haina shida, anayelipa ni mtoto aliyelala humo.

Kapasita nayo ni hivyo hivyo. Ile ya kawaida imeandikwa saa 2000 kwa nyuzi 85. Kanuni ya mafundi ni kwamba kila ukipunguza nyuzi 10, umri unakuwa mara mbili. Ndani ya boksi lenye nyuzi 65 inapata saa 8000, yaani miezi 11 ikiwaka mfululizo. Ile ya nyuzi 105, yenye saa hizo hizo 2000, inapata 32,000, zaidi ya miaka mitatu na nusu. Tofauti ya bei ni ndogo. Tofauti ya kuiangalia ni sekunde tano za kusoma maandishi ubavuni. Hatusomi.

Najua mtakachonijibu: 7805 ni rahisi, ipo Kariakoo tele, na fundi redio yeyote anaijua. Hoja nzuri, tena naiheshimu kuliko ile ya wanaoweka maikrokontrola hadi kwenye kengele ya mlango. Kifaa ambacho fundi wa Ifakara hawezi kukibadilisha ni kifaa kibovu hata kama kinafanya kazi. Basi 7805 iwekwe mahali pake: kwenye ampea 0.05 inatoa joto la wati 0.35 tu, haina neno. Penye mzigo mkubwa weka kile kibodi, ukifunge kwa skrubu badala ya kukichomea, ili kikifa fundi akitoe kizima aweke kingine. Bei nafuu sio sababu ya kuweka kitu kisichofaa.

Kwa hiyo naomba jopo la mwakani lisiulize tu "inawaka?" Liulize: itakaa kwenye joto gani? Itawaka saa ngapi mfululizo? Ikifa, nani ataitengeneza na kwa spea za wapi? Asiyejibu asipewe alama za ubunifu. Tena mradi ulale usiku mmoja nje ya maabara kabla ya kusahihishwa.

Wangu nimeshaubadilisha. Shangazi anasema sasa unamsumbua kwa kelele hadi asubuhi. Sijawahi kusifiwa vizuri hivyo.

Nawasilisha.