Mtoto Amerudishwa kwa Sababu ya Sweta

Ndugu Wanachama,

Wengine wakiona kichwa cha habari hii watasema: "Karatasi ya Chama imepotea njia. Chama ni mshahara, masaa ya kazi na likizo. Mambo ya sweta ni ya akina mama nyumbani." Hao nawajibu mapema. Shilingi tuliyoipigania mbele ya tajiri, kisha mwenye duka akaichukua yote mwezi wa Januari, hiyo haikuwa nyongeza. Ilipita mikononi mwetu kama maji katika pakacha.

Nitaeleza yaliyonipata mwenyewe, maana najua wengi wenu yamewapata, mkanyamaza.

Januari iliyopita binti yangu aliingia Gredi ya Saba. Mnajua kwamba tangu Januari 2023 madarasa hayo ya sekondari ya chini yamewekwa katika shule zile zile za msingi. Mtoto hakuhama. Lango ni lile lile na uwanja ni ule ule. Lakini tukapewa karatasi ya sare mpya: sketi ya marinda, mashati mawili, sweta, tai, soksi na nguo za michezo. Sare ya zamani ilikuwa bado nzima sandukuni. Na chini ya karatasi limeandikwa jina la duka moja, na amri kwamba tusinunue pahali pengine.

Nikaenda. Sweta peke yake ilikuwa shilingi 1,700. Nikatoka mikono mitupu. Mtaani kwetu yuko mama mmoja mwenye mashine ya kufuma. Akanifumia sweta ya rangi ile ile ya kijani, nzito, kwa shilingi 900. Mtoto akaivaa kwa furaha.

Siku ya pili, saa nne asubuhi, mtoto yuko nyumbani. Amerudishwa langoni. Sweta haikuwa chafu, haikuwa imeraruka, wala rangi haikuwa na kosa. Kosa lake ni kwamba haina nembo kifuani. Alikaa siku tatu wenzake wakisoma, mpaka nilipokopa pesa kwa simu na kwenda duka lile. Jioni ile mke wangu aliziweka sweta mbili mezani, akazivuta moja moja. Ya duka ilikuwa nyepesi kuliko ya mama mfumaji. Kilichozidi ni nembo, ukubwa wa kifuniko cha chupa ya soda. Kifuniko hicho kilinitoa shilingi 800, na riba ya mkopo juu yake.

Sasa tupige hesabu kama makarani. Shule ikiwa na watoto 500, na kila mzazi akatozwa shilingi 800 kwa ajili ya nembo, hizo ni shilingi 400,000. Zinakwenda wapi? Mimi simshtaki mtu, nauliza tu. Na mzazi anayelipa ana haki ya kuuliza.

Ndugu zangu, Januari 2003 ada ya shule za msingi iliondolewa, na watoto wakamiminika madarasani. Tukashangilia, na ilikuwa haki kushangilia. Lakini ada ilitoka kwa mlango wa mbele, na sare ikabaki imekaa ndani ya nyumba. Mwaka ule ule wa 2003, wachunguzi walianza kazi katika shule 328 za magharibi ya Kenya. Katika baadhi ya shule hizo watoto wa darasa la sita walipewa sare bure. Baada ya miaka mitatu, katika shule zisizopewa kitu, wasichana 19 katika kila 100 walikuwa wameacha masomo. Katika zile zilizopewa sare, walikuwa 16. Ni nguo tu! Hawakuongezewa mwalimu wala kitabu. Basi asituambie mtu kwamba sare ni jambo dogo. Kuna mtoto aliyeacha shule kwa kukosa sketi.

Sheria nayo yasema nini? Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013, kifungu cha 29, yasema shule ya serikali isitoze ada ya masomo. Malipo mengine yakiruhusiwa, mtoto asikataliwe shuleni kwa kushindwa kuyalipa. Tena mtu asikusanye pesa bila kutoa risiti. Sheria hiyo hiyo yaweza kumshtaki mzazi asiyempeleka mtoto shule. Tazameni ajabu hiyo: nisipompeleka, nina kosa, nikimpeleka, anarudishwa. Bwana Mwalimu Mkuu atasema sare si malipo. Vema. Kama si malipo, mbona imefunga mlango? Na Wizara ya Elimu yenyewe imesema, wala si mara moja, kwamba mzazi asilazimishwe kununua katika duka moja. Maneno ya Wizara yako Nairobi katika Jogoo House. Ya langoni ni mengine.

Nimesikia majibu yao. Wanasema sare huleta usawa, mtoto wa tajiri na wa kibarua wasitambulikane. Nakubali kabisa, na mimi sipingi sare. Lakini usawa uko katika rangi, hauko katika duka. Watoto 500 wakivaa kijani wote ni kijani, hata kama wameshonewa na mafundi hamsini. Kumrudisha mmoja peke yake njiani, wenzake wakimtazama, huo ndio usawa gani?

Wanasema pia kwamba duka linawapa kazi mafundi wa cherehani. Hao ni wafanya kazi wenzetu, na sitaki walale njaa. Lakini muulizeni fundi anayelipwa kwa kipande: bei ya sweta ikipanda dukani, yake hupanda nayo? Na mama mfumaji wa mtaani, yeye si mfanya kazi?

Sisi nasi tuna kosa letu, tuseme kweli. Wapo kati yetu wanaoona haya kumvika mtoto shati la ndugu yake. Wapo wanaongoja mpaka wiki ya mwisho, mshahara wa Desemba umeliwa katika sikukuu, halafu wanakimbilia duka wakati bei iko juu na fundi hana nafasi. Mwezi wa Januari una siku sitini, nasi tunajua, na kila mwaka tunaushangaa kama mgeni.

Basi tufanye nini? Sasa ni Oktoba, tuna nafasi.

Kwanza, kila mzazi ni mwanachama wa Chama cha Wazazi cha shule yake, na katika Bodi ya shule kuna wazazi sita waliochaguliwa. Muwajue. Nendeni mkutanoni kabla shule hazijafungwa, mtake mambo mawili yaandikwe: rangi itajwe bila jina la duka, na nembo iuzwe peke yake, mzazi aishone mwenyewe juu ya sweta yoyote ya rangi ile.

Pili, tununue kitambaa pamoja. Wanachama kumi wenye watoto wa shule moja wakinunua jora zima, bei si ile ya kununua mita mbili mbili. Tumpelekee fundi kazi mwezi wa Novemba, akiwa na nafasi.

Tatu, nguo ishonwe na pindo pana, vidole vinne kwa sketi na kaptura, ikunjuliwe mtoto akirefuka. Kola ya shati ikichakaa, fundi aifumue aigeuze. Wazazi wetu walifanya hivyo, wala hatukuacha kusoma.

Nne, naomba Halmashauri ya tawi itoe ofisi yetu Jumamosi moja ya Desemba, kila mtu alete sare ambazo mtoto wake amezizidi, safi na zimepigwa pasi, abadilishane na mwenzake. Hapana aibu hapo. Nguo iliyobanwa sandukuni haimvishi mtu.

Tano, mtoto akirudishwa, usiende shuleni peke yako. Mimi nilikwenda peke yangu, nikaambiwa ningoje nje, nikangoja, nikarudi. Andika tarehe na sababu, tafuta wazazi watano, nendeni pamoja kwa adabu, mkaulize sababu hiyo imeandikwa katika sheria gani. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Na tajiri tusimsahau. Mwaka 1954 Kamati ya Carpenter iliandika kwamba mshahara wa chini wa wakati ule ulipimwa kwa mwanamume mmoja asiye na mke wala mtoto, ikashauri upimwe kwa jamaa nzima. Wazee wetu waligoma na kusumbuliwa kwa neno hilo. Leo tukikaa mezani kujadili mshahara, makatibu wetu wabebe karatasi ya mahitaji ya shule pamoja na bei ya unga. Mtoto wa mfanya kazi ni sehemu ya hesabu.

Binti yangu sasa anavaa sweta ya duka siku za shule, na ile ya mama mfumaji nyumbani. Viwiko vya ile ya duka vimeanza kutoboka. Ile nyingine bado nzima.

Tuonane mkutanoni. Umoja ni nguvu.

Mwenzenu wa kazini