Garanti umelipa, nyumba haiko tayari: ufanye nini?



Juma hili mama mmoja wa Kibumba ametuletea shida yake. Yeye huteremsha makabichi kuuza Goma, akatafuta nyumba ndogo karibu na soko. Alilipa garanti ya miezi mitatu, pesa yake yote ya likelemba, na akamlipa komisioneri. Aliahidiwa kuingia tarehe mosi. Tarehe ilipofika, mabati hayajapigiliwa na choo hakijachimbwa. Aliambiwa avumilie, mawe ya volkano ni magumu. Nyumba ya zamani ameisharudisha, sasa analala kwa dada yake pamoja na watoto wanne. Na mwenye nyumba anadai kodi ya mwezi wa kwanza!

Mama, hiyo kodi usilipe kwanza. Kodi ni malipo ya kukaa ndani. Hesabu ianze siku utakayopewa ufunguo wa nyumba inayokalika.

Garanti nayo ni pesa yako, mwenye nyumba anaitunza tu. Sheria namba 15/025 ya tarehe 31 Desemba 2015, inayohusu nyumba za kupanga katika Kongo yetu, inasema garanti ya nyumba ya kuishi isipite miezi mitatu. Akikuomba sita, amepita sheria.

Ikiwa bado unaitaka nyumba, muandikiane tarehe mpya, nyote mtie sahihi. Ikiwa umechoka kungoja, dai garanti yote. Akikataa, usitukane wala usivunje kufuli. Chukua risiti na shahidi, nenda kwa chefu wa avenyu. Ikishindikana, nenda ofisi ya Habitat; wao hupatanisha kabla ya kesi kufika mahakamani.

Mwenye nyumba naye ana taabu zake, huenda saruji imempandia bei. Muongee kwa heshima. Lakini hasara ya kuchelewa kwake isilaliwe na watoto wako.

Na wewe unayetafuta nyumba leo: usitoe pesa kwa maneno ya njiani. Ingia ndani, tazama bati, mlango na choo. Andikeni siku ya kuingia, kiasi cha pesa, na garanti itarudishwa lini ikiwa nyumba haijaisha. Muulize komisioneri pia kama atarudisha yake. Nyumba ya zamani usiiache kabla ya kushika ufunguo wa mpya.

Wazee walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.