Mali Bila Daftari: Funzo la Hoteli ya Treetops

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari huisha bila habari. Aghalabu methali hii huelekezwa kwa wafanyabiashara wasioweka hesabu. Katika makala haya nitaielekeza kwa Treetops, hoteli iliyomo ndani ya Mbuga ya Taifa ya Aberdare, karibu na mji wa Nyeri, ambayo ilifungwa mwaka 2021 baada ya janga la Korona kuukausha utalii. Hoja yangu ni kwamba hoteli ya kihistoria ina madaftari mawili: la fedha na la historia. Daftari la historia likiandikwa kwa mkono wa upande mmoja, la fedha nalo halikawii kukosa cha kuandikwa.

Tuanze na historia yenyewe. Treetops ilianza mwaka 1932 ikiwa kibanda cha vyumba viwili juu ya mugumo, mti ambao Wagikuyu wameuheshimu tangu jadi kuwa mahali pa ibada. Aliyeianzisha ni Eric Sherbrooke Walker, mwenye hoteli ya Outspan mjini Nyeri. Usiku wa kuamkia tarehe 6 Februari 1952, Elizabeth, binti mfalme wa Uingereza, alilala humo, na usiku huohuo baba yake akafariki. Habari hiyo ilimfikia alipokuwa Sagana, akiwa tayari malkia bila kujua. Mwaka 1954 wapiganaji wa Mau Mau, ambao misitu hiyo ilikuwa ngome yao, waliiteketeza hoteli hiyo. Jengo jipya na kubwa zaidi lilisimamishwa mwaka 1957, mwaka uleule Dedan Kimathi aliponyongwa.

Mahali pamoja, basi, pana mti wa ibada, kiti cha ufalme na moto wa ukombozi. Hata hivyo, katika utajiri wote huo, kilichonadiwa zaidi kwa wageni kwa miongo mingi ni usiku mmoja wa 1952. Mwenye kutaka simulizi hiyo alitoka ng'ambo, akalala usiku mmoja, akawatazama ndovu na nyati kidimbwini, akaondoka.

Hapo ndipo historia inapogeuka kuwa hesabu. Mwenye mahindi asipouza leo huyaweka ghalani. Kitanda kisicholaliwa leo hakiuziki kesho. Mishahara, bima, leseni na ukarabati wa jengo la mbao havimngoji mgeni. Kwa hiyo, hoteli inayomtegemea mgeni wa ng'ambo imeifunga riziki yake kwenye mbawa za ndege. Dalili zilikuwapo: mashambulizi ya kigaidi ya 1998, 2002 na 2013, pamoja na ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007, yote yaliwatia hofu wageni. Safari za ndege za kimataifa ziliposimamishwa Machi 2020 hadi Agosti, dalili ikawa msiba. Malkia alipofariki Septemba 2022, jina la Treetops lilitajwa ulimwenguni kote, ilhali milango yake ilikuwa imefungwa.

Wapo watakaosema kwamba Korona haikuchagua, na kwamba hoteli nyingi zilianguka. Kweli, lakini dhoruba hutangulia kuung'oa mti wenye mzizi mmoja. Wapo pia watakaosema kwamba hayo ni masalio ya ukoloni, na yaache yaoze. Ninawaelewa, ila siwaungi mkono. Hoteli ikifungwa, jina hubaki vitabuni. Mpishi, dereva, mwongoza wageni na mkulima aliyeuza maziwa na mboga hawali jina. Zaidi ya hayo, kuiacha ioze ni kuuzika pia ushahidi wa wale walioichoma.

Ninapendekeza mambo mawili. Kwanza, kwa kuwa hoteli ya aina hii imesimama juu ya ardhi ya mbuga, ambayo ni amana ya umma, mwekezaji yeyote apewaye nafasi hiyo awe na wajibu wa kutoa taarifa ya hesabu zake na ya hali ya wafanyakazi wake mara kwa mara, si siku ya kufunga tu. Pili, Mkenya ahesabiwe kuwa mgeni kamili. Awekewe bei anayoimudu, shule zipangiwe siku zao, na simulizi ya mugumo na ya Mau Mau isimuliwe kwa Kiswahili fasaha kando ya ile ya malkia. Soko la nyumbani halihitaji viza.

Na sisi wanafunzi wa Kiswahili je? Tunaichambua tamthilia ya Mzalendo Kimathi kumbini, tukatahiniwa, tukasahau kwamba msitu alimopigania shujaa huyo uko safari ya saa chache kutoka Nairobi. Wazee walioyaona mambo ya 1954 wanazidi kupungua. Ni nani atakayeyarekodi maelezo yao, ayatafsiri kutoka Gikuyu, na kuwaandalia waongoza wageni matini ya kusimulia? Kazi hiyo inahitaji isimu, fasihi simulizi na tafsiri, taaluma tunazozisomea kila siku. Chama chetu kinaweza kuianza likizo ijayo kwa kinasa sauti na daftari. Shime, wenzangu, tuliandike daftari la pili kabla wenye habari hawajatutoka.