Kizuri Chajiuza? Labda Sokoni, Mtandaoni Sivyo

Tangu tukiwa shule ya msingi tumefundishwa methali isemayo kizuri chajiuza kibaya chajitembeza. Tumeiandikia insha, tumeieleza maana ya nje na ya ndani, na wengine wetu imetupatia alama nzuri katika mtihani. Mimi leo nataka kuipinga, walimu wangu mniwie radhi. Sokoni methali hiyo ni kweli tupu. Nyanya ukiishika unajua kama ni ngumu au imeoza upande mmoja. Sukumawiki ukiitazama tu unajua ilichumwa leo ama juzi. Lakini mtandaoni kizuri hakijiuzi hata kidogo, kwa sababu huwezi kukishika, kukinusa wala kukipima mwilini. Unachokiona ni picha, na picha ya kitu kizuri hata mwizi anayo.

Sisemi ya kusikia. Hapa Nakuru ninaishi na shangazi yangu ambaye hufuma sweta za shule kwa mashine. Pesa yangu ya chakula cha mchana, sare na vitabu hutoka katika mashine hiyo. Zamani aliuza kibandani peke yake, na wateja wake walikuwa wale wapitao barabara ile. Alipofungua ukurasa wa Facebook na kuanza kuuza kwa WhatsApp, oda zilianza kuja kutoka Njoro, Gilgil, hata Naivasha. Kazi ya kujibu arafa jioni nikimaliza kazi ya ziada ya hesabu ni yangu. Kwa hiyo maswali ya wateja nayajua kwa moyo kuliko majedwali ya kemia.

Swali la kwanza si bei. Wengi wanadhani ni bei, la hasha. Swali la kwanza ni hili: "Mko wapi?" La pili: "Ni nyinyi wenyewe ama ni wale wengine?" Hao "wale wengine" ndio walionifanya nishike kalamu.

Januari mwaka jana, wiki ya kufungua shule, mama mmoja kutoka Molo alifika kibandani na watoto wawili akitaka sweta nne alizolipia. Shangazi hakuwa na habari naye. Mama yule alipotoa simu tukaona picha za sweta zetu wenyewe, hata kile kiti chetu chenye mguu uliofungwa waya kilikuwa hapo, lakini nambari ya simu ilikuwa ngeni. Jamaa fulani alichukua picha zetu, akafungua ukurasa wake, akawa anauza hewa. Mama alilia mbele ya watu. Mwishowe shangazi alimpa sweta mbili kwa mkopo, naye akazilipa mwezi wa tatu bila kukumbushwa. Lakini habari zilikuwa zimeshaenea. Muhula wote ule tulipata arafa za kutuuliza kama sisi si wale matapeli wa sweta, na oda za mbali zikakauka. Wakati mwingine nililala bila kujibu kwa sababu sikujua niseme nini. Mwizi yule aliiba mara mbili: kwa mama wa Molo aliiba pesa, na kwa shangazi aliiba jina. Na jina, wasomaji wangu, halina wakala wa kulirudisha.

Sasa nije kwenye hoja. Wenzangu wanaosoma somo la kompyuta waliponisikia nikilalamika walinipa dawa moja: "Fungua tovuti safi, watu wataamini." Nawaheshimu, lakini dawa hiyo si ya ugonjwa huu. Tovuti safi mwizi anaitengeneza kwa siku moja, tena yake huwa nzuri zaidi kwa kuwa hana sweta za kufuma na ana wakati wa kutosha. Wengine wakasema nitafute ile alama ya kufuli juu ya ukurasa. Kufuli ile maana yake ni kwamba mazungumzo kati ya simu yako na tovuti hayasikilizwi na mtu wa tatu njiani. Haikuambii huyo unayezungumza naye ni nani. Ni sawa na kuongea na tapeli ndani ya chumba kilichofungwa vizuri. Tangu 2015 shirika la Let's Encrypt hutoa vyeti vya kufuli hiyo bure kwa yeyote, mwema na mbaya. Na mwaka 2023 Google waliiondoa alama hiyo katika Chrome na kuweka nyingine, kwa sababu watu wengi waliielewa vibaya wakadhani ni muhuri wa uaminifu.

Imani hujengwa na mambo madogo madogo ambayo mwizi hawezi kuyavumilia. Chukua mfano wa bei. Sijui ni nani aliyewafundisha wafanyabiashara wetu kuficha bei. Unaona kiatu kizuri, unauliza ni pesa ngapi, unajibiwa "njoo inboksi." Kwani bei ni siri ya serikali? Mteja akifichwa bei anahisi kwamba atapimwa kwanza, aonekane kama ni tajiri ama maskini, ndipo aambiwe. Mama mboga wa karibu na lango letu hupanga nyanya mafungu mafungu, na kila mpita njia anajua fungu ni pesa ngapi. Huyo ameshinda maduka mengi ya mtandaoni kwa akili. Mimi nilimbembeleza shangazi hadi akakubali tuandike bei ya kila saizi chini ya kila picha. Aliogopa kwamba washindani wataiona. Naam, waliiona, na mmoja akashusha yake kwa shilingi hamsini. Lakini maswali ya bure yalipungua, na wanaouliza sasa ni wanunuzi kweli.

Jambo jingine ni jina la kulipia. M-Pesa ilipoanza mwaka 2007 ilikuwa ya kutumiana pesa baina ya jamaa na marafiki, lakini leo hata anayechoma mahindi hulipwa kwayo. Kabla pesa haijaondoka, simu humwonyesha mtumaji jina la anayepokea. Hapo ndipo mteja husita. Ukurasa unasema ni duka la sweta, kumbe jina linalotokea ni la mwanamume asiyejulikana ambaye labda ni mume wa mwenye duka au kaka yake. Mwenye duka si mwizi, ila anafanana na mwizi. Afadhali nambari ya tili iliyosajiliwa kwa jina lile lile lililo ukurasani na lile lile lililoandikwa juu ya mlango wa kibanda. Jina moja mahali patatu.

Hapa ningependa kusema na wanafunzi wenzangu, na najua wengine watakunja nyuso. Kuna baadhi yetu wanaolipwa pesa ya kununua bando ili waandike chini ya bidhaa za watu: "Nimepokea mzigo wangu, asanteni sana, Mungu awabariki." Mzigo gani? Hujapokea hata kitambaa. Mnasema ni utani na kwamba kila mtu anafanya. Mama wa Molo alisoma maneno kama hayo kumi na moja kabla ya kutuma pesa, alituonyesha. Sidai kwamba yaliandikwa na mtu wa shule hii. Nasema tu kwamba yaliandikwa na watu waliokuwa na simu, walioshiba siku hiyo, na ambao hawakumfahamu. Aidha, watu wameanza kuyatilia shaka hata maoni ya kweli. Siku hizi mteja wetu akitusifu tunamwomba apige picha mtoto amevaa sweta, kisogo tu bila uso, ndipo tunaiweka.

Lipo suala gumu, nalo ni nani aanze: mnunuzi kulipa ama muuzaji kutuma. Wateja wanataka kulipa wakishapokea, na nawaelewa. Lakini msidhani wauzaji hawaumizwi. Mara tatu tumempa mtu wa bodaboda mzigo, akafika mahali alipoelekezwa, mteja akazima simu. Nauli ya kwenda na kurudi ni yetu, na sweta yenye nembo ya shule huwezi kumuuzia mtoto wa shule nyingine. Maoni yangu ni kwamba mteja mgeni alipe nauli kwanza, pesa ya bidhaa ailipe akiufungua mzigo na kuutazama mbele ya aliyeuleta. Kila upande una kitu chake hatarini. Shangazi anaona nauli peke yake haitoshi, anataka na nusu ya bei. Tumebishana sana na bado tunabishana, ila kwa sasa ukurasa unafuata maoni yake, kwa kuwa mashine ni yake.

Serikali nayo isisahauliwe. Sheria ya Kuwalinda Watumiaji Bidhaa ya mwaka 2012 ina sehemu juu ya mikataba ya intaneti, na inamtaka muuzaji ampe mnunuzi habari zinazohitajika kabla ya kukubaliana. Tunayo pia ya mwaka 2018 kuhusu makosa ya kompyuta na mitandao, na ya mwaka 2019 ya kulinda data, ambayo kwayo nambari za simu za wateja si mali ya kugawa ovyo. Sheria ni nzuri. Lakini mtu aliyepoteza shilingi elfu mbili mia nne hupiga hesabu ya nauli ya kwenda kituoni, siku ya kazi atakayopoteza na maswali atakayoulizwa, halafu anaamua kunyamaza. Tapeli anaijua hesabu hiyo kuliko sisi.

Je, tovuti haina faida basi? Inayo, lakini si ile inayosemwa. Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, WhatsApp na Instagram zilizimika zote pamoja kwa muda wa saa sita hivi, kwetu ikiwa ni kuanzia jioni hadi usiku wa manane. Aliyekuwa na duka huko peke yake duka lake lilitoweka, na hakuwa na wa kumuuliza. Ukurasa wa Facebook ni kibanda katika shamba la mtu. Tovuti yenye jina lako linaloishia na .co.ke, ambayo husimamiwa na KeNIC, angalau ni ploti uliyoilipia. Iwe na kurasa mbili tu: mahali mlipo na jinsi ya kufika, bei, picha mlizopiga wenyewe, na masharti ya kurudisha kitu kisichotosha. Hayo masharti ndiyo watu hupenda kuyaruka, na ndiyo mteja mwangalifu huyatafuta kwanza.

Na hapa sisi wanachama wa Kiswahili tuna kazi. Someni matangazo ya mtandaoni: "mali safi", "hatuna mpinzani", "usipitwe". Hayo si maelezo, ni kelele. Hayamwambii mzazi kama sweta itajikunja ikifuliwa, kama mikono ni mirefu, kama rangi ni ile ya samawati ya shule fulani ama ni ya jirani yake. Niliandika upya maelezo ya sweta zetu kwa sentensi nne za Kiswahili cha kawaida, pamoja na onyo kwamba rangi nyekundu iliyokolea hutoa rangi kidogo katika dobi ya kwanza. Shangazi alisema nimeharibu biashara. Siku mbili baadaye mzazi mmoja aliandika kwamba ameagiza tatu kwa sababu ya onyo hilo. Aliona kwamba mtu anayesema ubaya wa bidhaa yake hawezi kuwa tapeli.

Nimezungumza na mwalimu mlezi wa chama. Amekubali kwamba Jumamosi mbili za mwezi, wanaotaka watawatembelea wafanyabiashara walio kati ya shule na stendi ya matatu, wawasaidie kuandika maelezo ya bidhaa zao na kupiga picha zenye kibanda chao nyuma. Hatutachukua malipo, wala hatutaandika sifa ambazo hatujaziona kwa macho. Daftari la kujiandikisha liko kwa katibu.

Mwanachama, Kidato cha Tatu