Kiwanja Bora Si Nyasi na Viti Pekee

Tarehe 31 Mei, 2019, mjini Rades nchini Tunisia, fainali ya Klabu Bingwa ya Afrika kati ya Esperance ya Tunis na Wydad ya Casablanca ilivunjika kabla ya dakika 90 kutimia. Wydad walitia mpira wavuni, bao likakataliwa. Wachezaji wao wakadai mwamuzi atazame picha za video, wakajibiwa kwamba mtambo wa VAR haufanyi kazi. Wakagoma kuendelea na mchezo, na baada ya kungojea kwa muda mrefu Esperance wakatangazwa mabingwa. Shauri hilo lilifika hadi Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo huko Lausanne, Uswisi.

Si kusudi la safu hii kuamua upya nani alistahili kombe. Jambo ambalo halina budi kueleweka ni kwamba siku hiyo uwanja ulikuwepo, nyasi zilikuwepo, na maelfu ya watazamaji walikuwepo. Kilichokosekana ni mtambo ambao mtazamaji hauoni, na kukosekana kwake kukaondoa imani ya upande mmoja katika haki ya mchezo wote.

Somo hilo linazihusu Tanzania, Kenya na Uganda moja kwa moja. Nchi hizi tatu zilipewa mwaka 2023 haki ya kuandaa kwa pamoja Kombe la Mataifa ya Afrika la mwaka 2027, na mwezi Agosti 2025 ziliandaa pamoja mashindano ya CHAN. Katika maandalizi ya namna hii wananchi huzungumza sana juu ya idadi ya viti, paa na maegesho ya magari. Ni watu wachache wanaouliza kompyuta ya mezani kwa waamuzi itaungwaje na ile ya chumba cha matokeo kilichoko upande wa pili wa kiwanja.

Wale wanaodhani kwamba kazi hiyo ni kuvuta waya tu wanajidanganya. Waya wa kawaida wa shaba unaounganisha kompyuta maofisini umewekewa kikomo cha mita 100. Ukizidi hapo ishara hufifia na habari hupotea njiani. Sasa kiwanja chenye njia ya mbio ya mita 400 kina urefu wa zaidi ya mita 170 kutoka ncha hadi ncha, na waya hauwezi kukatiza katikati ya nyasi bali hupita pembeni. Kwa hiyo kinachotosha ofisini hakitoshi uwanjani.

Zaidi ya hayo, uwanja hauna dari. Waya wa shaba uliotandazwa nje kati ya majengo mawili huweza kupitisha nguvu ya radi na kuunguza mitambo ya pande zote mbili. Ndiyo sababu wataalamu huchagua nyuzi za kioo, ambazo hupeleka habari kwa mwanga, hufika kilomita nyingi, na hazipitishi umeme. Lakini nyuzi hizo nazo zina masharti. Zikikunjwa kupita kiasi huvunjika, kuziunganisha kunahitaji kifaa maalumu na mkono uliofunzwa, na kila mwisho wake unahitaji umeme na betri za akiba.

Wapo watakaosema kwamba mawimbi ya redio yanatosha. Ni kweli kwamba vyombo viwili vilivyofungwa juu ya nguzo, vikitazamana bila kizuizi, huunganisha majengo kwa gharama nafuu na bila kuchimba mtaro. Hata hivyo, kipimo cha uwanja mtupu siku ya Jumatatu hakitoi picha ya siku ya fainali. Mwili wa binadamu hunyonya mawimbi, na simu za watazamaji makumi ya maelfu huweza kugombea mawimbi yaleyale. Njia ya redio inafaa kuwa akiba. Haifai kuwa tegemeo pekee la uamuzi wa bao.

Historia inaonyesha kwamba kazi hii ikifanywa kwa makini huacha faida kubwa kuliko michezo yenyewe. Mwaka 1964, katika Michezo ya Olimpiki ya Tokyo, matokeo kutoka viwanja vilivyotawanyika yalipelekwa kwa njia ya simu hadi kwenye kituo kimoja cha kompyuta. Wajapani hawakuridhika kuitazama kazi hiyo ikifanyika. Mwaka uliofuata benki ya Mitsui ilianza kuhudumia wateja kwa kompyuta iliyounganishwa na matawi yake, kwa kutumia ujuzi uliopatikana katika michezo ile. Wageni walirudi makwao na medali zao. Ujuzi ukabaki Japani.

Hapo ndipo lilipo swali kubwa la mwaka 2027. Je, mitambo itafungwa na wageni, itumike kwa majuma machache, kisha ibaki kufungiwa chumbani ikila vumbi kwa kuwa hakuna aliyefundishwa kuitengeneza? Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Fundi ambaye hakuwapo siku waya ulipofukiwa hawezi kujua siku utakapokatika aanze kuchimba wapi.

Watumishi wa umma wanaoandika mikataba wana wajibu ulio wazi. Mkataba hauna budi kudai ramani ya kila mtaro na kila waya, ikabidhiwe kwa mwenye uwanja. Aidha, udai mafundi wa nchini washiriki tangu siku ya kwanza ya kufunga mitambo, wala si kuitwa siku ya makabidhiano kupiga picha. Udai vipuri, njia mbili tofauti za mawasiliano ili moja ikikatika nyingine ishike, na majaribio yafanywe uwanja ukiwa umejaa watu. Na baada ya mkataba, bajeti ya kila mwaka itenge fedha za matengenezo, kwani mtambo usiotunzwa ni hasara iliyocheleweshwa tu.

Walimu nao wasijione kuwa mbali na jambo hili. Michezo ya UMITASHUMTA na UMISSETA hukusanya vijana kila mwaka, na palipo na kompyuta mbili pana somo. Mwalimu wa fizikia anaweza kuwaeleza wanafunzi kwamba mwanga ndani ya kioo husafiri karibu kilomita 200,000 kwa sekunde, kisha akawaachia wapige hesabu ya muda unaotumika kuuvuka uwanja wao. Mwanafunzi atakayepeleka matokeo ya mbio kutoka mstari wa mwisho hadi ofisi ya mwalimu mkuu leo ndiye fundi wa uwanja wa taifa kesho.

Makombe hushindwa na timu moja tu. Ujuzi unaweza kushindwa na taifa zima, ila kwa sharti moja: maandalizi yake yaanze kabla zege halijamwagwa juu ya mitaro.